Usishuke Kitonga na breki za matairi matatu

Mwanangu mpendwa,

Ile video uliyotuma kwenye kundi la familia wadogo zako waliitazama wakikupongeza kwa kutengeneza breki mwenyewe pasipo kumlipa fundi, nami niliitazama nikiisimamisha kila mara pale unapoikunja paipu ya breki ya tairi la nyuma kushoto la Corolla yako na kuipondaponda kwa nyundo ili mafuta yasivuje. Nilipokupigia simu ulicheka, ukaniambia kwamba pedeli imerudi ngumu na kwamba mama mwenye duka la spea kama mimi ana wasiwasi kwa sababu anataka kuuza. Nimeona niandike, kwa kuwa barua huwezi kuikatiza.

Pedeli ngumu inakueleza jambo moja tu, kwamba mafuta hayavuji. Haikuelezi hata kidogo kama tairi linashika. Ulichofanya ni kulinyima tairi moja mafuta na kuyatwisha mzigo wake yale mengine, hasa ya mbele, ambayo hata gari likiwa zima ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Hapo Njombe mjini, kutoka nyumbani hadi kazini, huenda usione tofauti yoyote, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu utajiamini mpaka siku ya safari. Siku utakayofunga breki ghafla kwenye lami iliyolowa, gari litavutia kulia, na kulia ndiko yanakotokea malori.

Sasa fikiria unakuja kwenye sendofu ya mdogo wako. Kitonga kwako ni mteremko, si mlima. Ukishapita Ilula unaanza kushuka kuelekea Ruaha Mbuyuni, kona moja inakukabidhi kwa nyingine, mbele yako kuna lori linalojikongoja kwa gia nzito na huwezi kulipita, kwa hiyo mguu wako unakaa kwenye breki muda wote. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yastahimili nyuzi joto 205 kabla ya kuchemka, lakini yana tabia ya kunyonya unyevu, na yakishanyonya, kiwango hicho cha kuchemka huweza kushuka hadi nyuzi 140. Yako una hakika yaliwekwa lini? Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabonyea, na hiyo pedeli unayoisifu itazama mpaka sakafuni bila kukamata chochote.

Usidhani kwamba nachukia kila namna ya kuungaunga. Tenki la mafuta likitoboka porini ukaziba tundu kwa sabuni ya mche ili ufike gereji, nitakusifu, na ekzosi iliyoning'inia ukaifunga kwa waya mpaka kesho yake haina hatari ya kuniondolea mtoto. Breki, usukani na matairi ni habari nyingine. Habari ya baba yako na karatasi ya pakiti ya sigara aliyoiweka mahali pa fyuzi sihitaji kukusimulia, ila nakumbuka kwamba siku ile tulimsifu sote, nami nikiwa wa kwanza, na wewe ulikuwa umesimama pale ukiangalia.

Mkono wa ufundi unao, hilo sijawahi kulikana, na wateja wangu bado wananiuliza yule kijana aliyekuwa akiwachagulia beringi kwa kuzigusa tu yuko wapi. Lakini mkono mwepesi bila subira ndio unaoniletea watu hapa kaunta. Juzi mteja mmoja ameleta masta silinda ya Noah, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedeli. Alikuwa ameishiwa mafuta ya breki njiani akajazia mafuta ya injini, akafika salama na kuendelea kutembea hivyo hivyo. Nilipozichomoa raba zilikuwa zimevimba kama andazi lililosahauliwa kwenye chai, zimelegea, ukizibonyeza zinabaki na alama ya kidole. Naye aliniambia pedeli ilikuwa nzuri sana siku za mwanzo.

Nimekupakilia kwenye basi wili silinda mbili, zile silinda ndogo za tairini zinazosukuma breki shuu, kwa maana ya kulia nayo ina umri uleule na haitachukua muda kuvuja, pamoja na paipu mpya, seti ya breki shuu na chupa mbili za DOT 3. Zile shuu za kushoto zilizolowa mafuta usizisugue kwa msasa ukadhani zimepona, zitupe. Paipu uliyoiponda usijaribu kuikunjua. Mtafute fundi aliyepita VETA, si fundi maiko, atoe upepo kwenye breki za matairi yote manne mpaka mafuta ya zamani yaishe kabisa na yanayotoka yawe masafi, nawe usimame hapo uone. Hela usinirudishie. Na stika ya usalama barabarani iliyopo kwenye kioo usinitajie tena, kwa sababu haijawahi kusimamisha gari.

Mkamwana na mjukuu wangu waje kwa basi hata kama kazi imekamilika, na hili sitaki tulijadili. Wewe ukishuka Kitonga weka gia ya 2 au L tangu juu kabisa, usisubiri mpaka unuse harufu ya kuungua. Viazi nilivyokuagiza kwa ajili ya sherehe visipakiwe kwenye Corolla. Magunia matatu ni mzigo wa lori, na kamati imekubali kulipa nauli yake. Mchele wa Ifakara tumeshapata. Mjomba wako bado hajatoa mchango na mimi nimechoka kumkumbusha, labda wewe atakusikia. LUKU ya nyumba ya wapangaji imeanza tena kuleta ugomvi, tutazungumza ukifika.

Kifurushi kikifika nijulishe siku hiyohiyo, usingoje kumaliza kazi. Wili silinda ya zamani usiitupe wala usimwachie fundi; njoo nayo dukani niifungue nione raba ilichanikia wapi.

Mama yako