Karatasi ya vidonge vya majira iandikwe Kiswahili, na imfikie mtumiaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu vidonge vya majira, hasa namna vinavyouzwa madukani. Boksi mara nyingi huwa na pakiti tatu, kila moja ya mwezi mmoja, na karatasi moja tu ya maelezo. Mteja wetu wa kawaida hununua pakiti moja. Muuzaji anaichomoa, anaitia kwenye bahasha ya dawa, na karatasi inabaki kwenye boksi hadi siku boksi linapotupwa. Hata yule anayebahatika kuipata, akiikunjua anakutana na Kiingereza cha herufi za kusomewa na mwenye miwani.

Kwa hiyo elimu ya vidonge tunaichukua saluni. Huko utaambiwa vinarundikana tumboni vikafanya uvimbe, na kwamba binti ambaye hajazaa akivigusa kizazi kimekwisha. Si kweli. Kidonge huyeyuka tumboni, homoni zake hutoka mwilini baada ya siku chache, na anayeacha anaweza kushika mimba mapema sana. Anayeweza kukaa miezi kadhaa kabla hajashika ni yule aliyekuwa akichoma sindano ya miezi mitatu, na nadhani uvumi wa utasa umeanzia hapo, watu wakachanganya njia mbili tofauti.

Hatari zenyewe saluni hazitajwi. Vidonge vingi ni vya mchanganyiko, yaani vina homoni mbili, estrojeni na projestini, na estrojeni huifanya damu igande kwa urahisi zaidi. Donge likijifanya kwenye mshipa wa mguu linaweza kupanda hadi kwenye mapafu na kuua. Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilipitia takwimu za suala hili. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio na mimba, kama 2 hupata donge kwa mwaka. Kwa wanaotumia vidonge vya mchanganyiko ambavyo projestini yake ni levonojestreli ni 5 hadi 7, na kwa vile ambavyo projestini yake ni drospirenoni au desojestreli ni 9 hadi 12. Kabla hujazitupa pakiti zako, fahamu pia kwamba ujauzito wenyewe na wiki za mwanzo baada ya kujifungua vina hatari ya donge kubwa kuliko ya vidonge.

Kwa binti mwenye afya, basi, hatari ni ndogo. Lakini mwenye presha ya kupanda, mvuta sigara aliyevuka miaka 35, aliyewahi kuganda damu, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli, hao vidonge vya mchanganyiko si vyao. Mama aliyejifungua na ananyonyesha, kabla ya wiki sita asipewe kabisa, na ni vyema asubiri hadi miezi sita. Kuna vidonge vya projestini peke yake, aulizie hivyo. Haya yote muuzaji anaweza kuyajua kwa maswali manne na kipimo cha presha, mashine ambayo siku hizi maduka mengi yanayo, imekaa pale kaunta ikimsubiri mzee wa mtaani.

Kuna swali la tano ambalo ni muhimu sana kwetu: unatumia dawa gani nyingine? Kifua kikuu bado kipo nchini, na rifampisini, dawa kuu ya tiba yake, huliharakisha ini kuvunja homoni za vidonge kiasi kwamba kinga ya mimba hupungua mno. Ndivyo zilivyo pia baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini na fenitoini, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mwanamke anameza kila jioni bila kuruka hata siku moja, anashika mimba, mume anamshutumu kwamba alikuwa akidanganya, na majirani wanasema vidonge ni feki. Hakuna aliyedanganya. Hakuulizwa tu.

Kichefuchefu, matiti kuuma na matone ya damu katikati ya mwezi, mengi hutulia ndani ya miezi mitatu. Asiyeambiwa hilo huacha wiki ya pili. Wanaosema moyo umekuwa mzito tangu waanze wasikilizwe na wabadilishiwe njia, wasiambiwe ni mawazo yao. Kuhusu saratani, ya matiti huongezeka kidogo wakati wa kutumia, na ya mlango wa kizazi kwa waliotumia miaka mitano au zaidi, ilhali ya ovari na ya mji wa mimba hupungua.

Hiyo karatasi yenyewe ina historia yake. Kidonge cha kwanza kiliidhinishwa Marekani mwaka 1960. Januari 1970 Seneti ya huko, chini ya Seneta Gaylord Nelson, ilisikiliza wataalamu wakieleza madhara yake, bila kumwita shahidi hata mwanamke mmoja aliyekuwa akikimeza. Wanawake wakasimama ukumbini wakapaza sauti, na mwaka huohuo serikali ikaagiza maelezo ya hatari yawekwe kwenye vidonge. Walidai kujua wanachomeza, na walikuwa wakisoma kwa lugha yao.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ni hili: kila pakiti, si kila boksi, iwe na karatasi yake ya Kiswahili. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, ziandikwe dalili za kumkimbiza mtu hospitali saa hiyohiyo: mguu mmoja kuvimba na kuuma, maumivu ya kifua, kukosa pumzi ghafla, kichwa kuuma kuliko kawaida, macho kuona giza au upande mmoja wa mwili kufa ganzi. Baraza la Famasi nalo liwaagize wauzaji waulize hayo maswali. Wakati tukisubiri, mwenye pakiti isiyo na karatasi aende nayo kliniki ya uzazi wa mpango, akapime presha na ataje kila dawa anayomeza.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Morogoro