Mahindi ya kambo yako

Lubumbashi

Mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu kwa nini kambo yako, babu yako, anauza mahindi kwa bei ya bure mwezi wa tano, halafu mwezi wa pili ananiomba mimi mfuko wa bunga, unga wa mahindi. Simu ikakatika kabla sijajibu. Afadhali, maana ningejibu kwa hasira.

Bunga hiyo ninaiuza mimi. Hapa soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, mifuko mingi ninayopanga asubuhi imetoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Si jambo la leo. Reli ilipofika mji huu mwaka 1910 ilitokea kusini, na bunga ya kulisha wachimba shaba ikaja nayo. Mji ukazoea kutazama kusini kila unaposikia njaa. Barabara ya Kasenga, inayotoka kwenye vijiji vyetu vya mahindi, ikasahauliwa. Mpaka ukifungwa siku chache, au Zambia wakizuia mahindi yao yasitoke kama katika ukame wa 2024, mfuko wa kilo 25 unapanda bei mchana huohuo, na wateja wananitukana mimi.

Siku hiyo kambo yako angepata faida, lakini ghalani kwake kuna panya tu. Alivuna mwezi wa nne. Mwezi wa tano anadaiwa mbolea, wadogo zako wanadaiwa pesa ya shule, na mwenye lori anajua yote hayo. Anakuja na mifuko yake mwenyewe, anaijaza mpaka inavimba shingo, kisha kila mmoja anauhesabu kama mfuko wa kawaida. Kambo akikataa, lori linakwenda kijiji kingine, na mvua ikianza halirudi tena. Ndiyo maana majirani wanakata miti na kuchoma makala, makaa ya kupikia. Makala hayaliwi na fukusi, na mnunuzi anayafuata porini. Uliwaita wavivu, usirudie.

(Huyo mwenye lori naye analipa kila kizuizi njiani. Nami hununua kwake, nikubali.)

Nimetuma pesa kwa simu. Lipeni mbolea kwanza. Mifuko kumi isiuzwe: kausheni punje vizuri, pangeni juu ya mbao, isiguse ukuta. Nitafika mwezi wa kumi kabla ya mvua, tumekodi gari na mama wawili wa hapa sokoni. Mizani ninakuja nayo. Mwambie kambo apande juu yake yeye kwanza, aone kama inasema kweli.

Mama yako