Kabla Hujaingia, Uliza Mlango wa Kutokea

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, barua yako niliipata juzi na nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho usiku nikiwa peke yangu, kwa sababu nilitaka niuelewe uamuzi wako kabla ya kuujibu. Unasema umepata jumuiya ya watu wapatao 30 wanaoishi pamoja, wanaolima pamoja na kutumia mfuko mmoja, na kwamba wamekubali kukupokea kwa muda wa majaribio. Unasema pia unahofia nitakukataza. Sitakukataza. Umri ulio nao ni wa kujichagulia mwenyewe, na isitoshe mimi sina uso wa kukuzuia, kwa maana kabla hujazaliwa niliishi miaka minne katika jumuiya ya namna hiyohiyo. Habari hiyo unaijua juujuu tu. Leo nitakusimulia sehemu ambayo sikuwahi kuigusa.

Nilipoingia nilikuwa na cherehani niliyopewa na bibi yako nilipoanza kujitegemea. Rangi yake nyeusi ilikuwa imebanduka karibu na gurudumu, pale mkono wa bibi yako ulipozoea kushika miaka yote ile aliyoitumia. Siku niliyopokelewa niliipeleka mwenyewe kwenye chumba cha kazi, nikasema kwa furaha kwamba sasa ni yetu sote, na watu wakapiga makofi. Nilimaanisha nilichosema. Hakuna aliyeandika kitu.

Miaka minne baadaye, nilipoamua kuondoka, niliomba niichukue. Kikao kikaitishwa, kikaanza baada ya chakula cha jioni na kumalizika usiku wa manane. Mmoja alisema kilichotolewa kwa moyo hakidaiwi. Mwingine alikumbusha kwamba mashine ile ilikuwa imetengenezwa mara mbili kwa fedha za mfuko. Mwenzangu mmoja niliyempenda sana, ambaye nilimfundisha kushona kwa cherehani ileile, alilia na kusema kwamba hana kazi nyingine anayoijua. Wote walikuwa wakisema kweli, na mimi vilevile. Niliondoka asubuhi na begi la nguo, na urafiki wetu wa miaka minne ukavunjika, ijapokuwa hapakuwa na mwizi hata mmoja kati yetu.

Ndiyo maana, mwanangu, swali ninalokuomba uwaulize kabla ya mengine yote ni jinsi mtu anavyotoka. Wahutteri, madhehebu ya Kikristo ambayo wafuasi wake walianza kumiliki mali kwa shirika mwaka 1528, wanaamini kwamba anayeondoka haondoki na fungu lolote la mali ya jumuiya. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua shauri la watu waliofukuzwa katika makazi yao huko Manitoba na kudai sehemu yao, nayo ikakataa kuwapa. Hao walikuwa wamefanya kazi pale miaka mingi. Kwa upande mwingine, jumuiya ya Twin Oaks, iliyoanzishwa mwaka 1967 katika jimbo la Virginia nchini Marekani, haimnyang'anyi mtu alichokuwa nacho kabla ya kuingia: kinabaki kuwa chake, ila hapaswi kukitumia maadamu ni mwanachama. Taratibu hizi mbili ziko mbali sana, na mimi nina ninayoipenda zaidi, lakini zote mbili zinajulikana kwa anayeingia. Iliyonidhuru mimi ni ile ya tatu, ya watu wanaopendana kiasi cha kuona haya kuzungumzia kuachana. Kwa hiyo omba katiba yao uisome. Kama hawana, omba angalau karatasi inayotaja ulichokuja nacho na kitakachokuwa cha nani. Ukiona swali lako linapokewa kama tusi, hilo lenyewe ni jibu.

Pia watafute waliotoka. Kila jumuiya iliyodumu ina watu waliowahi kuishi humo, na hao hawana sababu ya kukupambia mambo. Usiwaulize kama walikuwa na furaha. Waulize ni nani aliyewasaidia kufungasha mizigo, na kama wanaruhusiwa kurudi kuwatembelea wenzao.

La kazi nalo lina uzito wake. Nilipokuwa kijana niliamini kwamba kuhesabu saa za kazi ni dalili ya upungufu wa upendo, na kwetu hatukuhesabu. Matokeo yake naweza kukuonyesha hata leo nikifumba macho: sufuria moja kubwa iliyobeba chakula cha wote, ukoko umeganda chini, maji yamepoa, na kila usiku mikono minne ileile ikiisugua, kwa sababu wenye mikono hiyo walikuwa hawawezi kulala wakijua sufuria ni chafu. Miwili ilikuwa yangu. Wengine hawakuwa wavivu, ila tu hawakuwa wakiiona ile sufuria. Twin Oaks wamekuwa wakihesabu takribani saa 42 kwa wiki kwa kila mtu, na katika saa hizo wanaingiza upishi, usafi na malezi ya watoto sawa na kazi inayoleta fedha. Niliposikia habari hiyo nilikuwa nimekwisha kuondoka, na nilikaa kitako nikafikiri ni usiku ngapi ungeokolewa kwa daftari moja. Ukifika huko, usiangalie shamba kwanza, angalia jikoni saa tatu usiku, uone ni nani amebaki.

Kuhusu namna wanavyopokea watu, nimefurahi kwamba wamekuwekea muda wa majaribio, nawe usiuone kuwa ni dharau. Robert Owen, tajiri mwenye viwanda kutoka Uingereza, aliponunua kijiji cha New Harmony huko Indiana, Marekani, mwaka 1825, aliwafungulia mlango karibu wote waliotaka kuja, wakamiminika, na kufikia mwaka 1827 mpango wote ulikuwa umesambaratika. Hakukosa fedha wala nia njema. Jumuiya inayokuchunguza inakujali zaidi kuliko inayokukumbatia siku ya kwanza. Nawe wachunguze. Muulize mtu mmoja akutajie lini mwanzilishi wao alipingwa kikaoni akashindwa, na yule aliyempinga yuko wapi sasa. Kama hakuna anayekumbuka tukio la namna hiyo, rudi nyumbani, nami nitakupokea bila neno.

Usije ukadhani kwamba nakuandikia haya kwa kuwa najuta. Mwaka wa pili nilipougua homa kwa wiki mbili, hapakuwa na mjadala wa nani atanihudumia. Jina langu liliandikwa kwenye ubao wa zamu, chini ya bustani na kisima, na kila baada ya saa tatu mtu aliingia, akabadilisha kitambaa cha maji kwenye paji la uso wangu na kukaa. Mmoja wao hatukuwa tukisalimiana wakati ule kwa ugomvi mdogo uliotupata, naye akaja zamu yake, akakaa kimya saa tatu kamili, akanipa uji. Sijawahi kuishi tena mahali ambapo ugonjwa wangu ulikuwa kazi ya watu wote. Nikiwaona watu wanaozeeka peke yao nyuma ya milango iliyofungwa, naelewa vizuri unachokitafuta.

Ila ujue kwamba utakachokikuta leo hakitabaki hivyo. Degania, kibbutz ya kwanza, yaani kijiji cha ushirika cha Wayahudi katika nchi ambayo leo ni Israeli, ilianzishwa mwaka 1910 ikiwa na vijana wachache wasio na kitu, na mwaka 2007 wanachama wake waliamua kuacha mgawo sawa ili kila mtu abaki na mapato yake. Sisemi kwamba walisaliti jambo. Watu walizeeka, wakazaa, watoto wakataka mengine. Kwa hiyo waulize wenzako wapya jinsi wanavyobadilisha kanuni zao: ni kwa kura au mpaka wote wakubaliane, na anayekataa peke yake anafanywaje. Na uliza habari ya uzee, hata kama kwa umri wako swali hilo linaonekana geni. Ni akiba gani inayowekwa kwa ajili ya mtu atakayefikisha miaka 70 huko, na kwa jina la nani?

Nimekuwekea fedha kidogo, kiasi cha nauli ya kurudi na kodi ya chumba kwa miezi mitatu. Nitazishika mimi, si wewe, ili usilazimike kuwaficha wenzako chochote wala kuzitia katika mfuko wao. Waambie waziwazi kwamba zipo.

Niandikie utakapokuwa umeisoma katiba yao, unieleze kifungu cha kutoka kinasemaje, neno kwa neno. Kisha uniulizie siku ambazo wanapokea wageni. Nataka nije nilale usiku mmoja, na uwaombe waniweke kwenye zamu ya vyombo.

Wako akupendaye,
Mama