Upendo, hicho kikohozi chako

Upendo shoga yangu, za huko Njiro, watoto hawajambo? Huku tupo. Jana Mama Glory kanidokeza kwamba unakohoa tangu Mei, usingizi ukakata hapohapo, nikaona nikuandikie.

Unakumbuka da Eli alivyotolewa ziwa kwa kansa 2019, akameza vidonge vya homoni miaka mitano, akamaliza, tukamshukuru Mungu. Sasa mwezi wa sita akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, homa hana. Tukasema ni baridi ya Moshi, si unaijua, mi ndo nilikuwa namchemshia tangawizi na asali kila jioni, miezi miwili Upendo, miezi miwili mizima! Kwenye zahanati wakampa antibayotiki mara mbili, wakampima TB, hamna kitu. Hakuna aliyemuuliza habari ya ziwa na yeye hakusema, kwake lile lilishaisha.

Kilichonishtua wala sio kikohozi. Akawa hawezi kulala bila mito mitatu, akilala chali anakosa pumzi, na ile njia ya kupandia kwake Kibosho anasimama mara nne. Alafu bega likawa linamuuma, tukawa tunamchua tu. Kupigwa eksrei, upande mmoja wote mweupe, maji yamejaa kati ya pafu na mbavu, wakavuta lita moja na nusu, akapumua mpaka akalia. Maji yakapimwa, zimo seli za kansa ya ziwa lilelile. Daktari anasema hii sio kansa ya mapafu, ni ya ziwa imehamia huko na itatibiwa kama ya ziwa, kuiondoa yote ni ngumu ila dawa zinaishikilia, wapo wanaoishi nayo miaka.

Sisemi na wewe ndo hivohivo, vikohozi vingi ni vikohozi tu. Ila wewe nawe ulipasuliwa ziwa, na mimi tangawizi siichemshi tena. Nenda Jumatatu, na ukifika tu sema niliwahi kuwa na kansa ya ziwa, usingoje waulize.

Unalala na mito mingapi? Ngazi za ofisini unapanda bila kusimama? Vidonge bado unameza au uliacha? Baba Brayan anajua? Nije Jumapili jioni nilale kwako, twende wote asubuhi?