Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka 2024, Bukavu

Wapendwa wanachama, wamama, wapapa na vijana,

Ninawasalimu nyote, mliofika na mlio mbali. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na daftari liko wazi kwa yeyote anayetaka kulipekua. Mimi nitaeleza kazi yenyewe, ilikokwenda vizuri na ilikokwama, kisha nitaleta ombi moja la kupigiwa kura.

Wengi mmejiunga mwaka huu kwa sababu ya kile kitambaa cha mashuka tuliyoyauza mnadani kuchangia msitu, kwa hiyo niseme kwa ufupi tunahangaikia nini: msitu wa Kahuzi-Biega na gorila wake. Ukitoka Bukavu kwa barabara ya Kavumu, ukafika mahali paitwapo Miti na kukata kushoto, unapanda hadi Tshivanga, mlangoni pa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Hifadhi ilianzishwa 1970, ikapanuliwa 1975 kushuka hadi msitu wa bondeni upande wa magharibi, na sasa ni kilomita za mraba 6,000 hivi. UNESCO iliitaja kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1980. Mwaka 1997 ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mpaka leo haijatoka humo. Gorila wake ni wale wa Grauer, ambao hawapo nchi nyingine yoyote ila Kongo yetu. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa 17,000 hivi. Makadirio ya 2021 ni 6,800.

Sasa kitambaa. Kilianza na mabaki ya vitenge chini ya cherehani za mafundi wa mtaa wa Kadutu hapa Bukavu, yale yanayofagiwa jioni. Tuliomba kila mwanachama ashone kipande kimoja, kitu kimoja cha msitu: jani, ndege, mianzi, kinyonga, ukungu. Walioko Goma walituma vyao kwa boti. Walioko ng'ambo waliviweka katika masanduku ya ndugu waliokuwa wakirudi nyumbani. Hakuna aliyelazimishwa, na kwa kweli sikutegemea hata tungepata vya kutosha shuka moja. Tulipata vya mashuka matatu.

Kipande kimoja lazima nikieleze. Mama mmoja wa kwetu Kadutu alikata koti jeusi la marehemu mumewe akashona uso wa gorila. Alipoambiwa kwamba walinzi wa hifadhi humtambua kila gorila kwa mikunjo ya pua yake, kama sisi tunavyotambulika kwa alama za vidole, alifumua pua aliyokuwa ameimaliza. Aliirudia kwa uzi wa kijivu, mstari kwa mstari, usiku mbili, kwa taa ya simu. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue hivyo, maana mnunuzi hataijua tofauti. Akanijibu kwamba pua ya kwanza haikuwa ya mtu. Nimelikumbuka neno hilo kila siku tangu hapo. Shuka lenye pua ile ndilo lililopata bei ya juu siku ya mnada.

Palikuwa na mvutano juu ya wachongaji, na sipendi kuuficha. Baadhi yao walileta gorila waliochongwa kwa mbao nzuri, nyekundu, nzito, na walipoulizwa mbao zimetoka wapi, jibu halikuwepo. Kamati ilikataa kuziuza. Najua iliwauma, kwa sababu mchongaji hula kwa patasi yake. Lakini hatuwezi kuchangisha fedha za msitu kwa kuuuza msitu wenyewe. Nashukuru kwamba mmoja wao, badala ya kuondoka, alirudi na gogo la mwavoka (mparachichi) ulioangushwa na upepo uani kwake Bagira. Mbao ya avoka ni laini na hupasuka ikikauka haraka, kwa hiyo aliifunika kwa magunia yenye unyevu wakati wote wa kuchonga. Wachongaji wenzake sasa wanafuata njia hiyo.

Kwenye miche tulishindwa, na kosa ni letu. Tulitaka kuanza na muhumbahumba, ule mti wa milimani ambao gome lake husafirishwa nje kutengenezewa dawa ya tezi dume kwa wanaume wazee, na ambao umechunwa hadi kufa katika sehemu nyingi. Mbegu tulizipata. Tukazihifadhi kwenye gunia tukingoja mvua za Septemba, kama mtu anavyohifadhi maharagwe. Mbegu ya mti huo haingoji: ikikauka na kukaa muda, uhai unatoka. Tulipopanda, vitanda vya miche vilibaki udongo mtupu. Tungemuuliza mkulima yeyote wa kule juu angetuambia. Vitanda vya kaliandra, mti mdogo unaokua haraka, ambayo mbegu zake tulizilowesha usiku kucha kabla ya kupanda, vimeota vizuri na vimegawiwa kwa familia za Miti kwa ajili ya kuni na majani ya mbuzi.

Nimefika kwenye jambo ninalolibeba moyoni. Tumezoea kusema msitu unaliwa na watu wa mbali: wachimba madini, wenye silaha, wafanyabiashara wa mbao. Hao wapo, tunawajua. Lakini magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, yanayoshushwa alfajiri sokoni Kadutu yanaliwa na nani? Na mimi. Na wewe. Kilo 100 za kuni katika tanuru la udongo hutoa makala kilo 10 hadi 20 tu. Zilizobaki ni moshi. Kila nikiwasha mbabula yangu, jiko langu la makala, ninapika kwa miti mingi kuliko inayoonekana.

Ndiyo maana mwezi wa nane tulifanya jaribio uani kwa katibu wetu, Ibanda. Sufuria mbili zinazolingana, maharagwe ya gunia moja, mbabula ya bati ya kawaida upande huu, na upande ule mbabula yenye chungu cha udongo ndani. Tulipima makala kwa kopo la maziwa ya unga. Ile ya bati ilikula makopo matatu hadi maharagwe yakaiva. Ile ya udongo ilikula mawili, na bado makaa yalikuwa mekundu, tukachoma mahindi juu yake. Wamama waliokuja kutazama tu walitoka wakiuliza bei.

Vyungu vile vilifinyangwa na wamama Watwa, wenyeji wa asili wa msitu huu, wanaoishi pembeni ya Miti. Wazazi wao waliondolewa msituni miaka ya 1970 hifadhi ilipowekwa, bila ardhi ya kuhamia. Mwaka huu wa 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imetangaza uamuzi kwamba serikali ilivunja haki zao na kwamba warudishiwe ardhi ya mababu zao. Chama chetu si mahakama. Hata hivyo, kwa miaka tumeimba habari za gorila na ndege bila kutaja watu walioishi nao, na mimi kama mwenyekiti nawaomba radhi Watwa kwa ukimya huo. Mama aliyetufundisha kuchanganya udongo na mchanga ili chungu kisipasuke motoni alitaka malipo ya haki na siku za kufanya kazi zinazojulikana. Hakuomba kingine.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: nusu ya mapato ya mashuka ya 2025 ilipie vyungu vya mbabula, kwa bei ambayo wafinyanzi wenyewe wataipanga pamoja nasi, na familia zisizo na uwezo zipate mbabula kwa bei nafuu. Kamati imegawanyika. Wapo wanaoona fedha zote ziende kwenye miche, na hoja yao ina uzito, kwani mti uliopandwa unaonekana. Watapewa nafasi ya kusema kabla ya kura.

Mnunuzi mmoja wa mnada hajamaliza kulipa; mweka hazina anamfuatilia. Wanachama wanne wamehama mji, wawili wametutoka, nasi tutasimama kuwakumbuka kabla ya chakula.

Vipande vya shuka la mwaka 2025 viwe sentimita 30 kwa 30, na sentimita mbili zaidi kila upande za kushonea. Safari hii tunaomba mianzi, kwa sababu gorila wa Tshivanga huifuata machipukizi yake yanapotoka, na katika mashuka yote matatu tulikuwa na mwanzi mmoja tu. Mama wa Kadutu amekubali kufundisha pua kila Jumamosi saa nane. Leteni uzi wa kijivu.