Flopi ya 11

Dar es Salaam

Shoga yangu,

Hujambo huko Mwanza? Sisi wazima, joto tu ndilo linatumaliza. Juzi napanga kabati la dukani nikaliona lile boksi letu la Windows 95. Flopi zote 13, zile diski za kuchomeka kwenye kompyuta, zimo, na ile ya 11 ina mwandiko wako wa wino mwekundu: "HII MKOROFI". Nikacheka peke yangu mpaka mteja akanitazama.

Flopi moja haikubeba hata MB 2! Unachomeka, kompyuta inakoroma, inadai nyingine. Ukifika ya 11 inagoma, nawe unaichomoa, unaifuta kwa upindo wa kanga, unairudisha kwa bismillahi. Lakini ikishaingia, imeingia. Miaka mingapi tulichapa kadi za michango kwa mashine ile, na nani alikuja kutudai?

Sasa sikia. Ijumaa iliyopita nilikuwa na kadi 200 za sendofu. Nafungua programu ya kudizainia, inaniambia malipo ya mwezi hayajapita. Kumbe kadi ya benki nilishaibadilisha. Kazi nilizochora kwa mkono wangu naziona pale, majina yake yamejipanga, hazifunguki! Nimekuwa mpangaji, shoga, na mwenye nyumba yuko ng'ambo, hata pa kwenda kumlilia sipajui.

Mwanangu ananishangaa. Yeye kazaliwa 2008, mwaka uleule App Store, duka la programu la Apple, lilipofunguliwa. Programu ya kununua kwenye boksi hajawahi kuiona. Sikatai, zamani nako tuliteseka. Kabla mkongo wa intaneti wa SEACOM haujafika pwani yetu 2009, kushusha antivairasi ilikuwa kazi ya kukesha, na umeme ukikatika unaanza upya. Siku hizi programu zinajisasisha zenyewe nikiwa nimelala. Zinakula bando langu, sawa. Kinachoniudhi ni kuamka nikakuta kitufe cha kuprinti kimehamishwa, kana kwamba mgeni kaingia usiku akanipangia jiko.

Nimeanza kujifunza Inkscape, programu ya kudizainia ya bure isiyo na kodi ya mwezi. Vidole bado vinatafuta vitufe vya zamani. Kadi za sendofu zilitoka Jumamosi alfajiri, na mama wa bibi harusi mpaka leo akipita dukani anageuzia uso upande wa pili.

Flopi ya 11 nimeifunga kwenye bahasha, nitakupelekea kwa basi la kesho. Kaitazame.

Shoga yako