Risala kwa Mgeni Rasmi Siku ya Mazoezi ya Dharura Shuleni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu na wafanyakazi,
Wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzangu,

Mheshimiwa, kwa niaba ya wanafunzi na wafanyakazi wa shule hii, tunakushukuru sana kwa kuitikia wito wetu. Umetukuta na vumbi miguuni kwa sababu tumetoka kufanya zoezi la nne la dharura tangu mwaka uanze.

Mheshimiwa, tulianza vibaya, na tunaona ni vyema ulisikie hilo kutoka kwetu. Kwa miaka mingi ramani ya njia za kutokea ilibandikwa ukutani, nasi tukaamini tumejiandaa. Siku ya zoezi la kwanza kengele iligongwa kama inavyogongwa siku zote, wengi wakatoka na sahani wakidhani ni wakati wa chakula. Wengine walirudi ndani kuchukua mabegi. Katika bweni la wasichana mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli. Matroni alisimama mbele yake na kitita cha funguo, akijaribu mmoja baada ya mwingine, mikono ikimtetemeka. Ufunguo wa tisa ndio uliofungua. Tunamshukuru Mungu kwamba siku ile hapakuwa na moto.

Kufuli ile haipo tena. Mlango huo sasa una komeo la ndani, ambalo hata mwanafunzi mdogo kuliko wote analifungua gizani. Walikuwapo waliohofia wezi, na hofu yao ilikuwa ya haki, hivyo mlinzi amepangiwa kupita upande huo usiku. Kwa dharura tunatumia filimbi, si kengele. Kila mwalimu anatoka na daftari la mahudhurio, kwani katika zoezi la pili hesabu ilipungua mwanafunzi mmoja na hakuna aliyejua kwamba yuko chooni. Mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu ana wanafunzi wawili wa kutoka naye, na amewachagua mwenyewe.

Tumejifunza pia kwamba moshi huua kabla moto haujamfikia mtu, kwa hiyo tunatambaa, maana hewa nafuu iko chini. Tumejifunza kuelekeza mtungi wa kuzimia moto kwenye shina la moto badala ya ndimi zake. Wapishi wetu, ambao ndio walio karibu na moto kila siku, sasa wanajua kwamba aliyeungua humwagiwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala hapakwi dawa ya meno.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwalimu wetu alitusimulia habari za mji wa Kamaishi, nchini Japani. Tarehe 11 Machi 2011, baada ya tetemeko kubwa la ardhi, wanafunzi wa sekondari walikimbilia mlimani wakiwashika mikono watoto wa shule ya msingi ya jirani, kama walivyozoea katika mazoezi yao. Walipofika mahali palipopangwa waliona hapafai, wakapanda juu zaidi. Tsunami ilipofika ilizifunika shule zao, nao wakiwa salama. Tangu tusikie habari hiyo tumepanga mahali pawili pa kukusanyikia, na viranja wamefundishwa kuamua lini tuhame pa kwanza.

Pamoja na hayo, tuna upungufu. Mitungi ya kuzimia moto ipo jikoni na maabara tu, mabwenini hakuna hata mmoja. Madirisha ya bweni la wavulana bado yana nondo zisizofunguka, na hili ndilo linalotunyima usingizi kuliko yote. Wafanyakazi waliofundishwa huduma ya kwanza ni wawili, na wote huondoka jioni, wakati sisi tunalala hapa.

Tunakuomba, Mheshimiwa, utusaidie kwanza kubadilisha nondo hizo. Mitungi ifuate, kisha mafunzo ya huduma ya kwanza kwa mapatroni, matroni na walinzi. Fedha zikitosha jambo moja tu, basi liwe la madirisha.

Baada ya risala hii filimbi tatu ndefu zitapigwa. Tunakuomba utoke nasi kupitia mlango wa nyuma wa ukumbi huu, utembee bila kukimbia, na jina lako litaitwa uwanjani pamoja na yetu.

Tunaomba kuwasilisha.